Sanduku la Katuni Baina ya Meru na Embu

Jamaa zetu wa Mombasa na Lamu wanaokuja kututembelea huku bara hustaajabia mambo mawili. La kwanza ni baridi ya Julai chini ya Mlima Kenya, ambayo huwafanya wajifunike blanketi mchana kweupe. La pili ni kabati la sebuleni petu Meru, ambalo safu yake ya juu ina misahafu na vitabu vya dini, na safu ya chini imejaa katuni. Wengine hucheka. Wengine hungoja watoto watoke, kisha huuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli tulifunga safari mpaka Nairobi kwenda kwenye kongamano la watu wanaovaa barakoa na mabawa ya karatasi, na kununua vitabu vya picha.

Ni kweli. Na kwa kuwa swali hilo limetufikia mara nyingi, tumeonelea tulijibu kwa maandishi katika jarida hili, ambalo husomwa na wazazi wenye watoto wa umri kama wa wetu na wenye wasiwasi kama tuliokuwa nao.

Sisi ni nyumba mbili zenye asili moja. Nyumba ya kwanza iko Meru, ambako riziki ya duka ilituleta miaka kumi na sita iliyopita. Nyumba ya pili ni ya dada yetu aliyeolewa Embu, na humo ndimo anamoishi Bibi, mama yetu, aliyezaliwa Lamu na ambaye mpaka leo hakubali kwamba chai ya Embu ni tamu kuliko ya kwao. Baina ya nyumba hizo kuna barabara ya mabonde: Nkubu, Igoji, Chogoria, daraja la mto Nithi ambalo kila msafiri hulivuka akiomba dua, kisha Chuka, mto Thuci, Runyenjes, ndipo Embu. Watoto wetu watatu na wa dada yetu wanne wamekua kwa kuandikiana, na kila Jumamosi sanduku dogo la bati husafiri kwa matatu ya dereva tunayemfahamu. Siku moja likienda Embu limebeba katuni zilizokwisha kusomwa, Jumamosi ya pili hurudi Meru likiwa na nyingine, pamoja na kashata za Bibi zilizofungwa kwa karatasi.

Tulianza jambo hili kwa sababu ya lugha. Nje ya mlango watoto wetu husema Kimeru, na binamu zao husema Kiembu. Shuleni wanasoma kwa Kiingereza. Kiswahili cha nyumbani, kile cha mama na bibi, kilikuwa kikipungua kila mwaka kama sabuni ndani ya maji. Mtoto wetu wa pili alipofika darasa la nne alikuwa hawezi kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili bila kusimama mara kumi, na kwa kuona haya akaacha kusoma kabisa. Vitabu vya hadithi tulivyomnunulia alivitia chini ya mto wa kulalia. Kilichomrudisha ni Juha Kalulu wa gazeti la Taifa Leo.

Wasomaji wenye umri wetu hawahitaji kuelezwa Juha Kalulu ni nani. Mchoraji wake, Edward Gitau, alianza kumchora katika miaka ya 1950 na akaendelea naye kwa zaidi ya nusu karne, hata yule bwana mjinga mwenye visa vyake vya nyumbani na mtaani akawa mtu wa kila familia. Baba yetu alikuwa akilifungua gazeti kwa kuanza na yeye, kabla ya habari za siasa. Visanduku vichache vya picha na maneno machache kinywani mwa kila mtu: mtoto anayeogopa ukurasa mzima haogopi kiasi hicho. Mwana wetu alisoma kisa cha kwanza kwa sababu alitaka kujua kwa nini kila mtu anacheka. Baada ya miezi miwili alikuwa akimsomea mdogo wake.

Kutoka hapo tuligundua kwamba hadithi za picha si jambo geni katika nchi hii kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1973 Terry Hirst, mchoraji Mwingereza aliyehamia Kenya, alishirikiana na mwandishi Hilary Ng'weno kuanzisha jarida la vichekesho liitwalo Joe. Katika miaka ya 1980 Hirst akatoa mfululizo wa Pichadithi, jina lililounganisha picha na hadithi, akachora humo ngano za makabila ya Kenya: Lwanda Magere wa Wajaluo, na hata Abunuwasi wetu, yule mjanja ambaye watu wa pwani walimpokea kutoka Baghdad na kumfanya mwenyeji. Watanzania nao walikuwa na jarida la Sani, na akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa ambao wajomba zetu waliosafiri kwenda Tanga walituletea. Kisha Februari 2010 likaja Shujaaz, lililoandikwa kwa Sheng na kugawiwa bure ndani ya gazeti, nalo likapata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Bibi alilichukia kwa ajili ya Sheng yake. Watoto walilipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Basi sanduku likaendelea na safari zake bila neno, mpaka daftari la binti yetu mkubwa lilipoingia humo.

Binti huyu alikuwa na miaka kumi na minne. Ni mtoto mkimya, mwenye kusoma sana madrasa, na tangu utotoni mkono wake haukutulia: alichora nyuma ya risiti za duka, kando ya vitabu vya hesabu, juu ya vumbi la gari. Mwaka huo alikuwa ameanza kuchora katuni yake mwenyewe, ya mtu arukaye angani mwenye kitambaa mabegani, na akaipeleka Embu ili binamu zake waisome. Sanduku hufunguliwa na Bibi. Jumamosi iliyofuata daftari lilirudi limefungwa ndani ya leso, na pamoja nalo ujumbe mfupi ulioandikwa na dada yetu kwa kusomewa: picha za viumbe wenye roho haziingii katika chumba anachoswali Bibi.

Binti yetu hakulia. Alilitia daftari kabatini, akaacha kuchora. Rajabu ikapita, Shaabani ikapita, sanduku likaenda na kurudi bila ukurasa wake hata mmoja. Alikuwa akijibu salamu na kufanya kazi zake, lakini mazungumzo naye yalikuwa yamekatika. Siku moja alitwambia, kwa adabu kabisa, kwamba kama kile anachokipenda kuliko vyote ni dhambi, basi hajui afanye nini na mikono yake. Mzazi yeyote atajua kwamba maneno ya namna hiyo hayatoki kwa mtoto mara mbili. Yakipita bila jibu, mtoto huchagua moja katika mawili: huvunjika moyo, au hujifunza kuwa na mambo yake asiyowaonyesha wazazi. Na huko nje, ndani ya simu za wenzake, kulikuwa na katuni za kila aina zikimngoja, nzuri na chafu, bila mtu mzima wa kukaa naye.

Hatukutaka kumpinga Bibi. Msimamo wake si wa kubuni. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi, na katika madhehebu hayo suala la taswira limechukuliwa kwa uzito mkubwa. Zipo hadithi sahihi zinazowaonya wachoraji wa sura, na hakuna Mwislamu anayezipuuza. Tukamwendea imamu wetu wa hapa Meru, tukamweleza jambo lote, naye akatufafanulia kwa utulivu kwamba wanazuoni wamekubaliana katika mambo fulani na kutofautiana katika mengine. Wamekubaliana juu ya uharamu wa kila kinachochorwa au kuchongwa kiabudiwe. Wapo wanaokataza kila sura ya kiumbe chenye roho, na wapo wanaotenganisha sanamu yenye kivuli na picha bapa ya karatasi, na picha iliyotukuzwa ukutani na ile iliyo ndani ya kitabu. Akatukumbusha pia kwamba Bi Aisha (r.a.) alicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim, na kwamba wanazuoni wengi wameona humo nafasi kwa mambo ya malezi ya watoto. Hakutupa fatwa ya jumla, nasi hatutoi fatwa hapa. Alitwambia turudi tukazungumze na mama yetu, kwa kuwa ufumbuzi wa nyumba hupatikana nyumbani.

Tulikwenda Embu na binti yetu, tukakaa chini mkekani. Bibi alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo wote hatukulitarajia. Alisema hakumkataza mtoto mkono wake. Alikataza picha mbele ya mswala wake tu. Neno lilipokuwa likisafiri kutoka kinywani mwake hadi kwenye karatasi, na kutoka Embu hadi Meru, lilikuwa limekua kama mzigo unavyokua begani. Akaomba aletewe daftari lile. Akavaa miwani, akalipitia ukurasa baada ya ukurasa, na mwisho akamwuliza mjukuu wake: "Huyu mtu hana mama?"

Binti yetu akasema hajafikiria.

"Hana mama, hana mji, hana jina la baba. Anaruka tu. Atakumbukwa na nani?"

Ndipo Bibi akaanza kumsimulia kisa cha Fumo Liyongo. Sisi tuliokisikia tangu utotoni tulikaa kimya tukamwangalia mtoto. Alisimulia jinsi Liyongo alivyokuwa na kimo na nguvu zilizowatisha wafalme, jinsi mfalme wa Pate alivyomtia kifungoni, na jinsi mama yake alivyomwokea mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, kwa kuwa askari walijua watakula mikate mizuri na kumwachia mfungwa ule wa makapi. Alisimulia ngoma iliyopigwa usiku kwa ombi lake mwenyewe, ili mlio wa tupa ikikata minyororo usisikike. Akafika pale penye uchungu: mtoto wa Liyongo aliyehadaiwa kwa ahadi ya cheo, siri ya sindano ya shaba, na kitovu, mahali pekee ambapo mwili ule ungeweza kufa. Akamaliza kwa Liyongo aliyepiga goti kisimani, mshale upindeni, amekwisha kufa na watu wa mji hawathubutu kumkaribia kuteka maji.

Binti yetu alikuwa ameshika kalamu. Aliuliza maswali ya ajabu: mkate ulikuwa mpana kiasi gani? Kijakazi Saada aliubeba kichwani au mkononi? Kisima kilikuwa na ukingo? Bibi akajibu yote kama mtu aliyekuwapo. Usiku ule tulikubaliana masharti manne, na mpaka leo yameandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku. Picha hazitundikwi ukutani wala haziingii chumba cha kuswalia. Mtume (s.a.w.), mitume wengine, masahaba na malaika hawachorwi kabisa. Hakuna uchi wala matusi. Na hakuna katuni inayosomwa na mtoto ambayo mtu mzima mmoja wa nyumba hizi hajaisoma.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililotubadilisha sisi wazazi zaidi ya watoto. Tulilazimika kusoma. Tukamjua Kamala Khan, msichana Mwislamu wa asili ya Pakistani anayeishi Marekani, ambaye mwaka 2014 alikuwa Mwislamu wa kwanza kupewa kitabu chake mwenyewe na kampuni ya Marvel. Mwandishi wake, G. Willow Wilson, ni mwanamke aliyesilimu, na kitabu hicho kilipata tuzo ya Hugo mwaka 2015. Tukamjua Qahera, shujaa mwenye hijabu aliyebuniwa na Deena Mohamed wa Misri mwaka 2013, alipokuwa bado msichana mdogo. Tukaujua mfululizo wa The 99 wa Naif Al-Mutawa wa Kuwait, ulioanza mwaka 2006 na ambao wapo wanazuoni walioupinga kwa sababu ya kuhusishwa na Majina Matukufu, hivyo tukazungumza na watoto kwa nini ulipingwa. Mtoto aliyesikia hoja za pande zote mbili akiwa na baba na mama yake hatashangazwa nazo atakapozikuta peke yake.

Kurasa za Liyongo zilichukua miezi saba. Ziliandikwa Meru, zikasafiri Embu, Bibi akazisahihisha. Hakugusa picha. Alisahihisha maneno yaliyo ndani ya viputo, kwa kuwa haikumwingia akilini kwamba mama wa Liyongo aseme kama mtangazaji wa redio. Palipoandikwa "njoo" akataka "ndoo", palipoandikwa "maji" akataka "mai", na palipoandikwa "leo" akataka "yeo", kama wasemavyo watu wa Lamu. Binti yetu, ambaye Kiamu alikuwa akikisikia kama lugha ya wazee na vichekesho, akaanza kuandika orodha ya maneno nyuma ya daftari. Mwisho wa mwaka orodha ilikuwa na maneno mia mbili na kumi na tatu.

Hapo ndipo likaja wazo la kongamano. Mikusanyiko ya namna hii imeenea duniani. Ule wa San Diego, Marekani, ulianza mwaka 1970 na watu wachache tu, na tamasha la Angoulême, Ufaransa, lilianza mwaka 1974. Nairobi nayo ina kongamano lake liitwalo NAICCON, ambapo wachoraji wa katuni, wapenzi wa michezo ya kompyuta na vijana wenye kuvaa mavazi ya wahusika hukutana. Binti yetu aliomba tumpeleke akawaonyeshe wachoraji kurasa zake. Tukashauriana na Bibi. Alisema miguu yake haiwezi, akatoa shilingi mia tano kutoka fundo la leso, akasema mtoto anunuliwe kalamu nzuri.

Tuliondoka Meru baada ya swala ya alfajiri, tukawachukua wa Embu, tukapita mashamba ya mpunga ya Mwea yakiwa yamejaa maji na nyange weupe, tukafika Makutano na kuingia barabara kuu ya Thika. Tulibeba chakula chetu, mahamri na viazi vya karai, ili tusihangaike kuuliza kila nyama imechinjwa na nani. Tulikuwa tumekwisha kuulizia msikiti ulio karibu, na adhuhuri ilipoingia tulitoka sote, tukaswali, tukarudi. Hakuna aliyetushangaa. Tunalisema hili kwa akina mama wanaodhani kwamba mahali pa namna hiyo hapana nafasi ya mwanamke mwenye buibui. Tulikuta wasichana wengine wenye hijabu, na mmoja wao alikuwa ameitengeneza hijabu yake iwe sehemu ya vazi la shujaa, kwa ushonaji ambao dada yetu aliusifu njia nzima ya kurudi.

Hatutasema kila kitu kilitupendeza. Muziki ulikuwa mkubwa mno. Zilikuwapo meza zenye picha ambazo tulizipita haraka, na yalikuwapo mavazi yaliyotufanya tuwageuze watoto upande mwingine. Hatukupiga kelele wala hatukuondoka. Watoto walituona tumepita, wakapita, na usiku ndani ya gari wakauliza wenyewe, nasi tukajibu. Mambo hayo hayo wangeyakuta simuni, ambako hakuna bega la mzazi la kusimama mbele yake.

Katika meza moja tulimkuta kijana aliyekuwa akiuza kitabu alichokichora na kukichapisha mwenyewe. Binti yetu alizunguka meza ile mara tatu kabla ya kuthubutu. Alipompa kurasa zake, kijana alizisoma zote kumi na mbili, polepole, watu wakingoja. Akamwambia kwamba kisanduku cha mkate ni kidogo, kwa kuwa mkate ule ndio ufunguo wa hadithi na msomaji anapaswa kusimama hapo. Binti yetu, aliyekaa miezi miwili bila kusema nasi zaidi ya salamu, akambishia. Alisema mkate lazima uonekane duni, vinginevyo askari wangeushuku. Wakajadiliana robo saa nzima, mmoja amevaa kofia yenye pembe na mwingine mtandio. Mwisho kijana akauliza: hadithi hii umeitoa nchi gani?

Swali hilo lilitukaa moyoni kuliko mengine yote ya siku ile. Kijana huyu, mzaliwa wa Kenya, mwenye elimu na adabu, aliyewajua mashujaa wa Japani na Marekani kwa majina ya wazazi wao, hakuwa amemsikia Fumo Liyongo. Si kosa lake. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliiandika hadithi hiyo kwa utenzi mwaka 1913, na sisi watu wa pwani tumeihifadhi, lakini tumeihifadhi kama vyombo vya kabatini vinavyotolewa siku ya wageni. Tulikuwa tumekwenda Nairobi tukiwaza ni hadithi gani za watu zitawaingia watoto wetu. Hatukuwa tumewaza ni hadithi gani zetu hazijamfikia mtu yeyote.

Tuliporudi, watoto walitaka kongamano lao. Siku ya pili ya Idi, uani kwa dada yetu Embu, wakapanga meza tatu na mikeka miwili, wakatandaza katuni za sanduku, na kurasa za Liyongo zikawekwa juu ya kitambaa. Majirani waliletewa pilau, na watoto wao, Waembu na Wameru, Waislamu na Wakristo, wakaja kutazama. Masharti yakawa kwamba kila mtoto anayetaka kusoma alipe kwa hadithi ya kwao. Mmoja alitoa kisa cha Mwenendega, ambaye Waembu humtaja kuwa babu yao wa kwanza na ambaye msitu wake uko karibu na Runyenjes. Mwingine, mvulana wa Kimeru, akasimulia jinsi wazee wake walivyotoka kisiwa kiitwacho Mbwaa, walikoteswa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, wakapewa majaribio yasiyowezekana, kama kutengeneza viatu vyenye manyoya pande zote mbili na mkuki wa kufika mbinguni, mpaka mwerevu wao Koomenjoe alipowaongoza kuvuka maji na kutoroka.

Bibi alimwita mvulana yule akae karibu yake. Alimwuliza kisiwa hicho kiko wapi. Mvulana alisema ni pwani, mbali. Na kweli wapo wanahistoria wanaokisia kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu alikozaliwa Bibi, na wapo wanaodhani kwamba wale wa nguo nyekundu walikuwa watawala wa pwani. Bibi alinyamaza kwa muda. Kisha akamwambia mjukuu wake: "Hii nayo uichore. Wala usiwafanye wenye nguo nyekundu kuwa wazuri kwa ajili yangu."

Ameianza. Mvulana wa Kimeru ndiye anayesahihisha maneno, na mtoto wetu wa pili, yule aliyekuwa akificha vitabu chini ya mto, ndiye anayesoma kwa sauti ili wasikie kama viputo vinasemeka.

Haya ndiyo tuliyoyapata, nasi tunayatoa kwa faida ya wengine. Katuni zimekwisha kuingia katika nyumba za wasomaji wa jarida hili, kwa gazeti, kwa televisheni au kwa simu, na mlango huo haufungiki. Tunawasihi wazazi wakae chini wazisome pamoja na watoto, waulize, wakatae la kukataliwa kwa sababu wanayoweza kuieleza, na wasiogope kumwendea mwanachuoni wanayemwamini kwa swali lililo wazi. Mwenye mtoto anayechora, amtafutie karatasi na kalamu, na ampeleke kwa bibi yake akasikilize. Bibi zetu hawatakaa milele, na walicho nacho vichwani hakijaandikwa chote. Anayeishi bara kama sisi aulize na majirani zake, na awe tayari kusikia jina lake likitajwa mahali asipopatarajia.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie wazee wetu, atuongoze katika malezi ya watoto wetu, na auwekee baraka mkono wa kila mtoto anayejifunza. Amin.